Kuweka beta kwenye telefone bila kupoteza kila kitu: mwongozo kamili, kutoka kujitayarisha mpaka kurudi nyuma

Kila mara Android mpya ao iOS mpya inakaribia, ujumbe unaoniingilia ni ule ule: "Mukubwa, niliweka beta, sasa telefone inapata moto, programu ya pesa haifunguki, nataka kurudi kwenye ya zamani lakini inaniambia itafuta vyote, nifanye nini?" Na mara nyingi hakuna jibu zuri la kumpa mtu, juu kazi ya kurudi inafanywa kabla ya kuingia. Ukisha kuingia umechelewa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu wa Bukavu mwenye telefone moja, anayenunua mega (data za intaneti) kwa pesa yake, na SNEL, kampuni ya umeme, inakata bila kumuuliza. Maelezo mengi ya mtandaoni yanadhani uko na Wi-Fi siku nzima na telefone ya pili ndani ya droo. Hapa tutaenda na hali yetu. Na pembeni nitagusa pia beta za Windows, kwa mwenye kompyuta.

Kwanza tuelewane: beta ni mfumo ambao haujaisha. Kampuni inautoa ili watu wauguse, waone kasoro, waripoti. Kuingia beta bila kupanga namna ya kutoka ni kama kupanda boti ya Goma bila kuuliza kama kuna ya kurudi. Kwa hiyo tutapanga kurudi kwanza, kisha ndiyo tuingie.

## Vitu vya kuwa navyo mbele

Usianze kama kimoja kinakosa. Kweli, usianze.

- Telefone ya pili, hata kale kadogo ka vitufe. Ndiyo itabeba kadi yako ya SIM siku zote za majaribio.
- Kompyuta yenye betri inayoshika, ao ya mtu unayemwamini. Kompyuta ya betri iliyokufa, inayoishi kwa waya tu, usiitumie kwa kazi hii.
- Kable ya USB ya kupitisha data. Kable nyingi za barabarani zinachaji tu. Ukiichomeka na kompyuta haioni telefone, hiyo tupa pembeni.
- Nafasi kwenye diski ao fulashi: GB 32 angalau, na zaidi kama picha zako ni nyingi.
- Mega za kutosha ama Wi-Fi ya kuaminika. Faili nzima ya Pixel inapita GB 2. Ya iPhone za karibuni inaweza kufika GB 7 na kupita. Na hesabu pia apdeti zinazofuata, beta haiji mara moja, kila wiki chache kuna nyingine na nyingine.
- Paswedi ya konti ya Google ao ya Apple, imeandikwa kwenye karatasi. "Niko nayo kichwani" haitoshi, utaona kwa nini kwenye hatua ya 9.
- Kalamu na daftari.

## Hatua ya 1: Hakikisha telefone yako inaruhusiwa kweli

Hapa ndipo wengi wanaanguka kabla hata ya kuanza.

Beta ya Android inayotoka kwa Google yenyewe ni ya telefone za Pixel. Unaingia kwa google.com/android/beta na konti yako, ukurasa unakuonyesha telefone zako zinazoruhusiwa. Kama yako haionekani pale, basi hairuhusiwi, hakuna njia ya mkato. Samsung iko na programu yake ya beta, inapitia Samsung Members, lakini wanaifungua kwa nchi chache tu na modeli chache, nazo ni kama Korea ya Kusini, Marekani, Uingereza, Ujerumani na India. Kongo haimo. iPhone ni rahisi zaidi, mtu yeyote mwenye konti ya Apple anaweza kujiandikisha.

Sasa Tecno, Infinix na itel, ndizo nyingi hapa kwetu. Kuna mara Tecno iliingia kwenye beta ya Android, kwa mfano Camon 19 Pro 5G wakati wa Android 13, lakini zile zilikuwa za modeli moja moja na zimelengwa watengenezaji wa programu. Ile faili unayotumiwa kwenye kundi la Telegram eti "Android mpya beta ya Spark" haitoki kwa kampuni. Haujui nani aliigusa, na ndani yake kunaweza kukaa kitu kinachosoma SMS zako za pesa. Achana nayo.

Fanya hivi:

Fungua Paramètres, nenda À propos du téléphone, andika kwenye daftari jina kamili la modeli na Numéro de build, yaani namba ya toleo la mfumo. Kisha bonyeza *#06# na uandike IMEI zote mbili, ndizo namba za utambulisho wa telefone. Usipige picha ya skrini tu, hiyo picha itakaa ndani ya telefone ile ile itakayofutwa.

Kama Pixel yako ni ya okazio kutoka Marekani, angalia kitu kimoja zaidi. Gonga Numéro de build mara 7 ili ufungue Options pour les développeurs, ingia, tafuta Déverrouillage OEM, ndiyo ruhusa ya kuandika mfumo upya kwa kompyuta. Ikiwa ni ya kijivu na haigusiki hata ukiwa kwenye intaneti, basi telefone ilifungwa na mtandao ulioiuza kule, zile za Verizon zinajulikana kwa hilo. Maana yake mlango mmoja wa kurudi hauna. Kwa telefone ya namna hiyo ushauri wangu ni mfupi: usiweke beta.

Umefaulu kama: jina la modeli yako liko kwenye orodha rasmi ya kampuni, na daftari iko na modeli, build na IMEI.

## Hatua ya 2: Toa pesa yako kwenye hatari

Hii fanya kabla ya kufikiria picha.

Toa SIM kwenye telefone kubwa, iweke kwenye ile ya vitufe. Jaribu *1122# kama uko na M-Pesa, *501# kama ni Airtel Money, *144# kama ni Orange Money. Angalia baki yako. Imekuja? Vizuri. Konti yako ya pesa iko upande wa mtandao na namba yako, haikai ndani ya telefone kubwa, kwa hiyo kale kadogo kanatosha kutuma, kupokea na kulipa.

Kwa nini ni lazima? Moja, beta inaweza kuharibu sehemu ya mtandao, unaona baa zote lakini simu haipiti, ao USSD (zile huduma za nyota kama *1122#) inazunguka tu. Mbili, programu za benki zinauliza mfumo kama ni wa kuaminika kabla ya kufunguka. Kwenye beta jibu linaweza kuwa hapana leo na ndiyo kesho. Na ukifungua bootloader, yaani programu ndogo inayowasha mfumo, nyingi zinakataa. Tatu, na hii ndiyo inayouma zaidi: benki, WhatsApp, Google, wote wanakutumia kodi (namba ya kuthibitisha ni wewe) kwa SMS. SIM ikiwa ndani ya telefone iliyokwama, hakuna SMS, hakuna kodi, umefungiwa nje ya kila kitu kwa wakati mmoja.

Mama anayeuza vitenge Kadutu, wateja wake wanalipa kwa simu kutwa nzima. Telefone hiyo ndiyo kaunta yake. Kama ni ya mama yako ao dada yako, usimshawishi aweke beta ili uone sura mpya ya Android kwenye mkono wake.

Umefaulu kama: umeona baki yako kwenye telefone ndogo, na umepokea SMS moja pale.

## Hatua ya 3: Bakapu, halafu ujaribu kuifungua

Tukae hapa muda mrefu, juu karibu vilio vyote ninavyopokea vinaanzia hapa. Watu wanafanya bakapu, ndiyo, lakini hawajawahi kuifungua waone kama kuna kitu ndani.

### Kwa nini kurudi kunafuta vyote

Elewa hili na mengine yote yatakuwa wazi. Ukipanda kwenye mfumo mpya, mfumo unafungua data za programu zako na kuziandika upya kwa mpangilio wake mpya. Mfumo wa zamani hauwezi kusoma mpangilio huo. Tena kwenye Android funguo zinazofunga data zako zimefungamanishwa na toleo la mfumo, makusudi, ili mwizi asiweze kushusha telefone kwenye toleo la zamani lenye tundu na kuingia. Kwa hiyo kushuka kunadai telefone ianze tupu. Hakuna fundi wa Nyawera wala wa Nairobi atakayekushusha na data zako zikae palepale.

### Android

Picha na video: chomeka kable, chagua Transfert de fichiers, kopia folda ya DCIM nzima, pamoja na Pictures, Download na Documents. Usitegemee wingu peke yake, GB 15 za bure za Google zinajaa haraka, na tangu 2024 bakapu ya WhatsApp nayo inahesabiwa mle ndani.

Namba za watu: fungua Contacts, zisafirishe kama faili ya .vcf, peleka kwenye kompyuta. Kisha ifungue pale na programu yoyote ya maandishi. Unaona majina na namba? Basi ni nzima. Ni faili ndogo, lakini ndiyo watu wanalilia kupita zote.

WhatsApp: ingia Paramètres, Discussions, Sauvegarde des discussions, bonyeza Sauvegarder, ngoja imalize. Halafu, hata kama unaitumia Google Drive, fuata faili yenyewe kwa kable: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp. Kopia folda yote ya WhatsApp. Ndani ya Databases utaona msgstore na nyuma yake crypt14 ao crypt15. Angalia tarehe na saa ya faili hiyo, lazima iwe ya leo. Kama ni ya wiki iliyopita, bakapu haikufanyika hata kama skrini ilisema sawa.

Kama uliwasha bakapu iliyofungwa kwa paswedi ao ufunguo wa tarakimu 64, andika kwenye daftari. Bila hiyo WhatsApp wenyewe hawawezi kukusaidia. Vilevile PIN ya Vérification en deux étapes.

### iPhone

Mtego wa iPhone ni huu: bakapu iliyofanywa kwenye iOS mpya haikubali kurudishwa kwenye iOS ya zamani. Na iCloud inaendelea kufanya bakapu usiku usiku ukiwa ndani ya beta, ile nzuri ya zamani inafunikwa. Mtu anakuja kurudi, anakuta bakapu yake yote ni ya beta, haina kazi.

Kwa hiyo fanya bakapu kwenye kompyuta, kabla. Chagua Chiffrer la sauvegarde locale, weka paswedi na uiandike, juu bakapu isiyofungwa hivyo, paswedi zako zilizohifadhiwa na data za afya haziingii. Ikimaliza, kwenye Mac ingia Gérer les sauvegardes, bonyeza kulia, chagua Archiver. Kwenye Windows njia ya hakika ni kukopia folda nzima ya MobileSync kwenda kwenye diski nyingine, ili bakapu inayofuata isiifunike.

Kama uko na Apple Watch, usiweke beta juu yake. Ile saa ikisha kupanda hauwezi kuishusha mwenyewe kabisa.

### Jaribio

Chukua picha tatu kutoka diski, zifungue kwenye kompyuta. Cheza video moja mpaka mwisho. Fungua ile .vcf. Linganisha ukubwa wa folda ya DCIM kwenye telefone na ule wa diski. Kama telefone inasema GB 11 na diski inasema GB 7, kopi ilikatika njiani, labda kable ilicheza, rudia.

Umefaulu kama: ungeweza kutupa telefone ziwani saa hii na ukose telefone tu.

## Hatua ya 4: Pakua faili ya kurudi ungali uko salama

Watu wanapakua faili ya kuokoa baada ya kukwama, saa nne za usiku, mega zimebaki 300. Wewe pakua sasa.

Pixel: chukua faili ya toleo thabiti la modeli yako kwenye ukurasa rasmi wa Google wa watengenezaji. Pembeni ya kila faili kuna mstari mrefu wa herufi na namba unaoitwa SHA-256. Ikimaliza kushuka, kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda ile na uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.zip SHA256

Itakutolea mstari. Linganisha na ule wa ukurasa, herufi kwa herufi, mwanzo, katikati na mwisho. Ikitofautiana hata moja, faili imeharibika wakati wa kushuka, na kwa intaneti yetu inayokatika-katika hilo si ajabu. Futa, pakua tena. Usiflashi, yaani usiandike ndani ya telefone, faili ambayo haijapita hapa.

Pia washa Déverrouillage OEM sasa, kabla ya beta. Kuiwasha peke yake hakufuti kitu. Lakini telefone ikikataa kuwaka baadaye, hautaweza kuingia kuiwasha, na bila hiyo kompyuta haitakubaliwa kuandika mfumo mzima upya.

iPhone: unaweza kupakua faili ya mfumo mapema, lakini jua kwamba Apple inakubali tu matoleo ambayo bado inayatia saini kwenye seva zake. Faili uliyoiweka miezi miwili inaweza kukataliwa. Pakua ile ya sasa, na siku ya kurudi uangalie tena.

Windows: tengeneza fulashi ya GB 8 ya kusimika Windows ya kawaida. Na kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, andika ufunguo wa tarakimu 48, unaukuta kwenye konti yako ya Microsoft. Kompyuta nyingi zinafungwa na BitLocker mwenyewe hajui, siku ya kubadilisha mfumo skrini ya bluu inaomba namba ndiyo anashangaa.

Onyo moja zito: kuna wakati kampuni yenyewe inafunga mlango. Mwaka 2022, mwezi wa nane, Android 13 ilipotoka kwa Pixel 6, 6 Pro na 6a, apdeti ilibadilisha bootloader na kurudi Android 12 kukawa hakuwezekani tena. Soma maelezo ya kila toleo kabla ya kulikubali, hata kama ni marefu.

Umefaulu kama: faili iko kwenye diski, SHA-256 inafanana, na hauhitaji intaneti kuanza kujiokoa.

## Hatua ya 5: Chagua beta gani, na siku gani

Usikimbilie ya kwanza. Chukua Android 16: onyesho la watengenezaji lilitoka Novemba 2024, Beta 1 Januari 2025, Beta 3 Machi ndiyo ikafika hatua ya kutulia, na toleo kamili likatoka tarehe 10 Juni 2025. Aliyeingia Januari alibeba kasoro za miezi mitano. Aliyeingia kuanzia Machi aliona karibu mambo yale yale mapya kwa maumivu machache. Kwa iOS, ya watengenezaji inatoka Juni, ya watu wote kwa kawaida Julai, kamili Septemba. Ngoja Agosti.

Kwenye Windows kuna mikondo: Canary, Dev, Beta na Release Preview. Canary na Dev usiziguse kwenye kompyuta ya kazi ao ya mémoire yako ya chuo. Release Preview ndiyo ya upole.

Siku: chagua ile ambayo kesho yake hauna kazi ya lazima. Kuhusu umeme, watu wanaogopa kitu kisicho sahihi. SNEL ikikata wakati telefone inashusha apdeti kwa Wi-Fi, hakuna ubaya, itaendelea umeme ukirudi. Ubaya ni pale kompyuta inaandika mfumo ndani ya telefone kwa kable halafu inazimika katikati. Ndiyo sababu nilisema kompyuta yenye betri. Telefone nayo iwe juu ya asilimia 70 kabla ya kuanza.

## Hatua ya 6: Ingia

Hapa ni pafupi, kazi kubwa imeshapita.

Pixel: jiandikishe kwenye ukurasa, chagua telefone, ngoja, kisha Paramètres, Système, Mise à jour. iPhone: jiandikishe kwenye programu ya beta ya Apple na konti yako, halafu Réglages, Général, Mise à jour logicielle, Mises à jour bêta, uchague ile ya umma. Windows: Paramètres, Windows Update, Programme Windows Insider.

Usikubali mtu akutumie "profile" ya beta kwa WhatsApp, tangu iOS 16.4 haihitajiki tena. Anayekutumia hiyo leo anataka kitu kingine.

Umefaulu kama: telefone imewaka, imeomba kodi yako ya kawaida, na picha zako zipo.

## Hatua ya 7: Siku za kwanza

Jaribu haya siku ile ile, kwa mpangilio huu: kupiga na kupigiwa (rudisha SIM kwa dakika chache tu), SMS, USSD, kamera, alamu, Bluetooth, GPS, WhatsApp. Alamu wanaisahau na ndiyo inayowachelewesha kazini.

Betri itaisha haraka na telefone itapata moto kidogo. Siku mbili tatu za kwanza ni kawaida, juu mfumo unapanga upya programu na kuorodhesha picha zako chini kwa chini. Ikiendelea baada ya wiki, hiyo ni kasoro ya beta yenyewe.

Kasoro ziripoti, tafadhali. Android inakuwekea programu ya maoni, iPhone iko na yake, Windows iko na Hub de commentaires. Andika ulifanya nini, ulitegemea nini, kilitokea nini. Faida yake si ndogo. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha apdeti ya Windows 10, toleo 1809, juu ilikuwa inafuta faili za watu kwenye Documents na folda nyingine. Wajaribuji wengine walikuwa wameshaandika kuhusu hilo kabla, lakini ripoti zao zilipotea kati ya nyingi. Ukiona ripoti ya mwenzako yenye shida kama yako, ipigie kura ili ipande juu. Ila jua ripoti inabeba taarifa zako na mega zako, itume kwa Wi-Fi.

## Hatua ya 8: Toka

Milango ni miwili, chagua kwa akili.

Mlango wa kungoja. Baki kwenye beta mpaka toleo kamili litoke, ulipokee, halafu utoke kwenye programu. Hakuna kinachofutwa. Mtego wa Pixel: ukisha kupokea toleo kamili na ukasahau kujiondoa, utatumiwa beta ya msimu unaofuata, na ukiiweka umeanza safari upya. Jiondoe kabla ya kupokea nyingine. Na ukijiondoa mapema, Google itakutumia apdeti ya kushuka. Hiyo ndiyo inayofuta vyote. Usiiguse, ngoja toleo kamili. Kwenye iPhone, rudisha Mises à jour bêta kwenye Désactivé na ungoje.

Mlango wa kufuta. Kama hauwezi kungoja, Pixel ni kujiondoa na kukubali ile apdeti ya kushuka. iPhone ni kompyuta: zima Localiser, chomeka kable, bonyeza na kuachia sauti juu, bonyeza na kuachia sauti chini, kisha shika kitufe cha pembeni. Nembo ya Apple ikitokea usiachie, endelea mpaka uone picha ya kable na kompyuta. Chagua Restaurer. Kwa intaneti yetu kuna jambo: upakuaji ukipita dakika 15 telefone inatoka yenyewe kwenye hali hiyo. Haijaharibika. Acha faili imalize kushuka, kisha rudia vitufe.

Windows inakupa siku 10 za kurudi kupitia Paramètres, Système, Récupération. Unaweza kuzifanya 60, lakini uandike amri hii ndani ya hizo 10, dirisha la amri likiwa limefunguliwa kama msimamizi:

dism /online /set-osuninstallwindow /value:60

Na usifute folda ya Windows.old ukitafuta nafasi. Hiyo ndiyo Windows yako ya zamani imelala pale.

Umefaulu kama: jina la toleo halina tena neno bêta, na WhatsApp imekubali kurudisha mazungumzo. Kama inarudisha kutoka faili ya diski, weka ile folda mahali pake kabla ya kusimika WhatsApp, na utumie namba ile ile.

## Hatua ya 9: Ikikwama kwenye nembo

Ngoja dakika 30 kwanza. Apdeti kubwa inachukua muda. Kisha shika kitufe cha kuwasha mpaka ijizime na uijaribu tena. Pixel ziko na sehemu mbili za mfumo, mpya ikishindwa kuwaka mara kadhaa inaweza kurudi kwenye ya zamani peke yake.

Ikikataa, ndiyo unatoa faili ya hatua ya 4. Baada ya kufutwa telefone inaweza kuomba konti ya Google iliyokuwamo. Bila paswedi hiyo umeshika kioo tu, na ndiyo sababu tuliiandika.

Ukienda kwa fundi, iwe Feu Rouge ao Nyawera, kaa pale wakati anafanya. Kama ni telefone yenye chipu ya MediaTek, yaani Tecno, Infinix na itel nyingi, na anafungua SP Flash Tool, programu ya kuandika mfumo upya, angalia kile kisanduku cha juu. Kinatakiwa kusema "Download Only". Kikisema "Format All + Download" mwambie asimame, kwa heshima lakini asimame. Hiyo inafuta hata sehemu inayoshika IMEI, telefone itawaka vizuri na haitashika mtandao wowote. Mpe ile karatasi yenye modeli na build ili asikisie faili. Faili ya modeli jirani inaweza kuiua kabisa.

Ikisha kuwaka, kabla haujalipa: *#06#, linganisha IMEI na daftari, weka SIM, piga simu moja hapo hapo. Ukifika nyumbani zima Déverrouillage OEM na Débogage USB, rudisha namba za watu kwanza, WhatsApp ya pili, picha mwisho.